Mwalimu wa Benchi la Mwisho

Mara ya kwanza aliponishtua nilikuwa kidato cha nne, nimekaa karibu na dirisha linalotazama reli. Aliingia darasani na harufu ya moshi wa kulinia asali kwenye shati, akaweka kofia mezani, akasema, "Tusimame, tuombe." Aliomba kabla ya kila kipindi, na siku hiyo aliomba kama kawaida, kwamba Mungu atufungue akili tuione kazi ya mikono yake. Tukaitikia amina, tukakaa. Kisha akageukia ubao, akaandika neno moja la Kiingereza, akasema kwa Kiswahili tunaliita mageuko, na kwamba kabla kengele haijalia tutakuwa tumeelewa kwa nini wataalamu wanasema sisi na sokwe tuna babu mmoja wa zamani sana.

Nilitazama huku na huku nione kama nimesikia peke yangu. Jirani yangu, binti wa mwinjilisti wa Kaliua, alifunga daftari akainuka. Mwalimu hakumkemea, alimwuliza tu anakwenda wapi.

"Nje, Mwalimu. Mimi nimeokoka."

"Na mimi nimeokoka. Kaa tuokokee humu humu, nje kuna jua."

Darasa zima likacheka, yule binti akakaa kwa aibu. Mimi sikucheka. Mtu huyu nilikuwa namjua kwa upande mwingine. Alikuwa mzee wa kanisa letu, na Jumapili iliyopita tu alikuwa amesimama mbele na koti lake la kahawia, akahubiri juu ya kuumbwa kwa ulimwengu mpaka mama yangu akatoa kitambaa akajifuta macho. Sasa nilikaa pale najiuliza ni yupi kati ya watu hawa wawili anayetudanganya.

Nilikuja kumwona pande zote. Nilisoma kwake, nikaenda chuo, nikarudi shule ile ile kufundisha Kiswahili, meza yangu ikatazamana na yake ofisini. Jumapili niliimba kwaya naye akikaa kwenye safu ya wazee. Mimi ni mwepesi wa kushtuka, sikatai, lakini yeye aliwashtua hata watu wagumu, na kilichoniudhi zaidi ni kwamba hakuwa akikusudia. Alidhani anasema mambo ya kawaida.

Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye shingo ndefu, na shati lake lilipigwa pasi na mkewe mpaka mikunjo ya mikono ikasimama. Mkewe tulimwita Mama Mwalimu, naye alimwita mumewe Mwalimu kama sisi wengine, hata jikoni. Huyo Mwalimu, ambaye alizungumzia miaka milioni kama anayezungumzia wiki jana, hakuweza kuvumilia mtu aliyechelewa dakika moja. Alifunga mlango wa darasa kengele ikiwa bado inalia. Nilipomwambia kwamba mtu anayemsifu Mungu asiye na haraka angetuvumilia na sisi kidogo, alinijibu kwamba Mungu ana muda wote, yeye ana dakika arobaini.

Neno "nyani" lilimchukiza. Mjini watu walizusha kwamba yule mwalimu mrefu anasema babu yake ni nyani, na maneno hayo yakamfuata sokoni, stesheni, kila mahali. Hakukasirika kwa kusemwa. Alikasirika kwa sababu wamekosea somo. "Wewe na binamu yako," alikuwa akisema, "nani alimzaa mwenzake? Hakuna. Mna babu mmoja, basi. Mbona hilo kwenye msiba mnalielewa vizuri, mnajipanga kiukoo bila kufundishwa?" Watu walikuwa wakikubali nusu ya binamu na kukataa nusu ya sokwe.

Fundi wake wa baiskeli, Mwislamu ambaye ukoo wake uko Tabora tangu enzi za misafara, alimtania kila alipopeleka gurudumu. Nilikuwepo siku moja, nimepeleka baiskeli ya mdogo wangu.

"Mwalimu, sisi Adamu ni udongo, tumemaliza. Wewe udongo haukutoshi mpaka uongeze na sokwe?"

"Udongo unatosha, Fundi. Ila ulichukua muda kukauka."

"Haya, na tairi lako nalo litachukua muda. Njoo kesho."

Walicheka wote wawili. Niliduwaa, maana sikujua kwamba jambo linalowafanya watu wa kanisani kwetu wanyamaziane linaweza kuchekewa na watu wawili wa dini mbili juu ya beseni la maji ya kutafutia pancha.

Ofisini walimu tulimbana pia. Mwalimu wa hesabu, mtu wa sala sana, alimtaka achague moja, siku sita au miaka yote ile. Mwalimu alimwuliza kama mwaka huu aliombea mvua. Akasema aliiombea. Iliponyesha alishukuru? Alishukuru. "Na jioni," Mwalimu akasema, "ulifungua redio, yule wa hali ya hewa akakueleza mawingu yalikotoka na upepo ulioyaleta. Umewahi kusikia kanisa limemtenga yule wa redio?" Mwalimu wa hesabu alisema hayo ni mambo mawili tofauti. Mwalimu akasema hicho ndicho anachokisema tangu asubuhi, akarudi kwenye chai yake.

Msifikiri basi kwamba alikuwa rafiki wa wasioamini. Kijana mmoja aliyehamia kutoka Dar, mjanja wa maneno, aliandika kwenye mtihani kwamba kwa kuwa mageuko ni kweli basi Mungu hayupo na bibi zetu walidanganywa. Alidhani amempendeza mwalimu wake. Alipewa alama zote za sehemu ya kwanza, na sehemu ya pili ikaandikwa kwa wino mwekundu: "Hili hukuulizwa, na hujalifanyia utafiti." Yule kijana alikuja kwangu kulalamika. Nilimwambia ashukuru, maana kwa hali ya Mwalimu siku hiyo angeweza kumchapa.

Mambo mengine yake hayakuelezeka. Alifunga kila Ijumaa. Aliamini ndoto. Hakupanda treni bila mkewe kumwombea, na mara moja aliiacha treni ya Mpanda ikaondoka kwa sababu Mama Mwalimu alikuwa amekwenda kusaga na hajarudi. Mtu wa sayansi, jamani.

Likizo alikwenda Sikonge, kwao mkewe, alikokuwa na mizinga ya nyuki msituni. Alipenda kwenda na wanafunzi wachache, na mwaka mmoja nilikwenda na mimi, tayari nikiwa mwalimu. Huko kuna ndege anayeitwa mlembe. Akikuona anapiga kelele, anaruka mti mmoja anakungoja, anaruka mwingine anakungoja, mpaka anakufikisha kwenye nyuki. Ukishalina asali unamwachia sega lake. Tulimfuata mpaka tukachoka, tukafika, asali ikapatikana, na Mwalimu akaweka sega juu ya kisiki kwa adabu, kama anayemwandalia mgeni. Mwanafunzi mmoja akauliza nani alimfundisha ndege huyu kuongea na watu.

"Mungu," akasema Mwalimu. "Ila hakumfundisha kwa siku moja. Na sisi tulikuwa tunafundishwa kumsikiliza, wakati huo huo. Fikiri ni wangapi walikufa njaa kwa kutomsikia."

Mtoto yule aliandika. Mimi nilisimama pale na mikono inanata asali, nikahisi woga ambao kanisani sijawahi kuuhisi. Kwa mara ya kwanza nilidhani labda hakuna mwongo kati ya wale watu wawili.

Sasa nifike kwenye yale mahubiri. Ilikuwa Jumapili ya akina mama, kanisa limejaa, sisi kwaya tumevaa sare mpya. Mwalimu alipewa neno. Alianza vizuri, akasema upendo wa mama ni kazi ya zamani ya Mungu, ya zamani kuliko tunavyodhani. Kisha akasimulia kwamba wakati fulani aliingia na warina asali mpaka ndani ya misitu ya Ugalla, ambako sokwe bado wapo, na akamwona sokwe jike amebeba mtoto aliyekufa. Kitoto kilikuwa kimeanza kukauka. Mama yake alikuwa akikifukuzia nzi, akikilaza kifuani, akitembea nacho, na wenzake wakimngoja. Mwalimu alivua kofia. Alisimama mpaka wakapotea, akaomba.

Angeishia hapo labda tungesema tu kwamba Mwalimu ana mambo yake. Lakini akaendelea. Akasema, "Nilimkumbuka mke wangu, wiki ile tulipomzika mwanetu wa kwanza, alivyokataa kumwachia mtu kile kitenge alichombebea. Nikajua yule pale ni ndugu yetu."

Watu wote wa Ntalikwa, kijijini kwao, walijua habari za mtoto yule, na hakuna aliyewahi kuitaja mbele ya Mama Mwalimu. Alikuwa amekaa safu ya tatu. Aliinuka, akafunga khanga yake vizuri, akapita katikati ya kanisa, akatoka. Mwalimu alibaki mimbarini amefungua mdomo. Naapa alikuwa anadhani amemsifu. Mbele ya watu wote alikuwa amemwekea mkewe heshima kubwa kuliko zote alizokuwa nazo, na ndiyo maana hakuelewa kwa nini mlango umefungwa.

Kabla ya jioni kipande cha mahubiri yale kilikuwa kimezunguka simu zote za kwaya. Wiki hiyo hiyo baraza la wazee lilipokea mashtaka, likamwita. Aliambiwa asimame mbele ya kanisa aseme kwamba yale ya sokwe na mageuko anayofundisha ni uongo, au aache uzee wa kanisa na asikaribie meza ya Bwana mpaka atakaposema. Mmoja wa wazee alinihadithia jibu lake. Alisema, "Nikisimama niseme ni uongo, wakati siamini kwamba ni uongo, nitakuwa nimedanganya kanisani. Mtanitenga kwa hilo?" Wakamtenga kwa lile la kwanza.

Wengi walidhani atahama, makanisa Tabora hayajaisha. Hakuhama. Alihamia benchi la mwisho, karibu na mlango, penye wamama wa watoto wanaolia. Kila Jumapili alimpakia mkewe kwenye baiskeli kutoka Ntalikwa, wakafika getini, mke akaenda safu ya tatu, mume akaenda nyuma. Siku za Ushirika watu walipokwenda mbele yeye alibaki amekaa, mikono juu ya magoti, akiimba. Nilimwona toka kwenye kwaya mwaka baada ya mwaka. Wazee waliomtenga walizeeka, wengine tukawazika, yeye akachimba makaburi pamoja na wengine, akarudi kwenye benchi lake. Kila nilipomwona akiimba pale nyuma nilitaka kulia, na nilitaka pia kumtikisa. Neno moja tu lingemrudisha. Sisi wote husema uongo mdogo ugenini, kwamba tumeshiba, yeye angeshindwa na neno moja?

Nani aliyemshtaki, hatukujua. Tulihisi huyu na yule, na wengine tuliacha kuwasalimia. Halafu siku moja tunachambua mchele wa harusi uani kanisani, akina mama kama kumi hivi, mmoja akaanza kumlaani huyo mbaya aliyempeleka Mwalimu barazani. Mama Mwalimu alikuwa na ungo wake mapajani. Hakuinua macho.

"Ni mimi niliyempeleka," akasema.

Mikono yote ikasimama. Nilidhani anatania, nikasubiri acheke.

"Mnashangaa nini? Ninyi mlitaka nikae naye hivyo hivyo? Mwanangu sikumbeba porini. Mwanangu alibatizwa. Nimeishi najua yuko wapi, na najua nitamwona. Sasa mume wangu anasimama mbele ya watu ananiweka pamoja na mnyama, mimi na mwanangu. Kama yule ni ndugu, basi mwanangu yuko wapi?" Akapuliza pumba. "Na yeye Mwalimu nikimwacha na mawazo hayo, nitakuwa na mtoto huko, yeye nisimpate. Nilitaka waniokolee mume. Sikujua kwamba atakuwa mgumu hivi."

Baada ya muda mtu akaomba apitishiwe ungo mwingine, tukaendelea na mchele.

Nilimwendea Mwalimu kesho yake ofisini, nikiwa nimejaa kama chungu kinachochemka, nikamwuliza kama anajua. Alijua. Mkewe alimwambia usiku ule ule wa mashtaka, kabla hajazima taa. Nikamwuliza anawezaje kumpakia kwenye baiskeli mtu aliyemfanyia hivyo.

"Angekuwa hanijali angekaa kimya," akasema. "Yeye anaogopa kunikosa. Mimi naogopa kumdanganya. Ndivyo tunavyokaa."

"Na yale ya mtoto, ulimwomba radhi?"

Akakusanya madaftari yake, akasema kengele imelia. Haikuwa imelia. Ni mara pekee niliyomsikia akisema uongo.

Mwaka huu, kiangazi kilipoanza, moyo wa Mama Mwalimu ulichoka. Hospitali walimrudisha nyumbani na dawa, wakasema asisumbuliwe. Mchungaji tuliye naye sasa ni kijana, alitukuta na mambo yetu, na alipopanga kumpelekea mgonjwa Ushirika nyumbani aliniomba nimsindikize ili wimbo usikose sauti. Tulifika Ntalikwa asubuhi. Mwalimu, aliyestaafu zamani na mgongo umepinda, alitupokea mlangoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Piteni, yuko macho."

Mama Mwalimu alikuwa ameegemezwa mito, miguu imevimba. Alipoona Mchungaji anafungua kikopo cha mkate, Mwalimu alichukua kigoda chake, akakiweka karibu na mlango, akakaa huko. Chumba kilikuwa kidogo, hatua tatu tu kutoka kitandani, lakini alikuwa amekwenda nyuma. Nilishindwa kumtazama.

Mchungaji naye alimwona. Akasimama na kikopo mkononi.

"Mwalimu," akasema, "mimi siwezi kufuta uamuzi wa baraza peke yangu. Lakini ukiniambia neno moja tu, kwamba yale umeyaacha, nakupa sasa hivi. Nitajieleza mwenyewe kwao. Mama anaumwa. Mle pamoja."

Mwalimu alimtazama mkewe kwa muda mrefu.

"Haya," akasema. "Nitasema."

Nilishtuka. Miaka yote niliyotamani aseme, na sasa nilitaka kumziba mdomo kwa mkono wangu.

"Usiseme," akasema Mama Mwalimu.

Sauti yake ilikuwa ndogo, ilibidi tuiname. "Ulikataa kudanganya mbele ya kanisa zima, uje udanganye kitandani kwangu? Nyamaza, Mwalimu. Mchungaji, endelea na kazi yako."

Mchungaji akaendelea. Kwetu mkate hauliwi pale unapopewa. Kila mtu anaushika mkononi, anasubiri, na wote wakishapata ndipo tunakula kwa mara moja. Alimpa mgonjwa, akanipa mimi, akachukua wake. Kisha akasema tule. Mimi niliinua mkono. Mama Mwalimu hakuinua. Alikuwa ameukunja mkono wake juu ya shuka, mkate ukiwa ndani.

"Mama, tule."

"Bado."

"Unajisikia vibaya?"

"Hatujapata wote," akasema.

Mchungaji aliniangalia mimi, kana kwamba mwalimu wa Kiswahili ana la kumsaidia. "Mama," akasema taratibu, "kwa yale niliyoyakuta kwenye baraza, si wewe mwenyewe…"

"Ni mimi. Nilimtoa mimi. Unadhani nani mwingine wa kumrudisha? Kama hapati, huu wangu urudishe."

Akanyoosha mkono, mkate juu ya kiganja, umeanza kulowa jasho. Mchungaji hakuuchukua. Alisimama pale nikadhani atatoka, atakwenda kuuliza wakubwa wake. Badala yake alifungua kikopo, akapita hizo hatua tatu, akaweka mkate kwenye mkono wa Mwalimu bila kumwuliza neno.

Mwalimu akainuka kwenye kigoda, akaja kukaa ukingoni mwa kitanda. Alikuwa analia, nami nilikuwa sijawahi kumwona akilia.

"Mama, kuna moja ninalolikana," akasema. "Kusimama mbele ya watu na kumtaja mtoto wetu bila kukuuliza. Hilo nalikana. Nilikosea."

Mama Mwalimu alimtazama. Alimtengeneza kola ya shati kwa mkono ule usio na mkate.

"Hayo mengine bado sikubali," akasema.

"Najua."

Mchungaji akasema tena tule, na sote wanne tukala kwa mara moja.